Kuisoma Misikiti na Monasteri za Herzegovina kwa Jicho la Mtu wa Lamu

Katika misikiti yetu ya Lamu safu zote zimeelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa juu yetu kwenye ramani. Ukifika Mostar, mji mkubwa wa Herzegovina kusini mwa Bosnia, mazoea hayo yaache uwanja wa ndege. Kule kibla ni kusini-mashariki. Na katika bonde lilelile utakuta monasteri za Kiorthodoksi, ambazo madhabahu ya makanisa yake huelekezwa mashariki. Kwa hiyo kabla ya kutoa simu upige picha, toa dira. Ukishajua jengo limetazama wapi, nusu ya sehemu zake utazitambua bila kuuliza: mlango wa msikiti uko mkabala na kibla, daka liko mbele ya mlango, na mnara, kwa desturi ya Waothmani, yaani Waturuki waliotawala huko zamani, husimama kuliani mwa anayeingia.

Mtu wa Lamu au Malindi ana mtaji ambao wageni wengi hawana. Anaijua chokaa, anajua boriti inabeba nini, anajua kaburi la kale huheshimiwa vipi. Mwongozo huu unaegemea mtaji huo.

Kabla ya kuondoka

Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji visa ya Bosnia na Herzegovina. Uliza ubalozi masharti ya sasa kabla ya kukata tiketi. Njia nyepesi ni Manda hadi Nairobi, Nairobi hadi Istanbul, Istanbul hadi Sarajevo, kisha basi au treni hadi Mostar, kiasi cha kilomita 130. Treni hupita kando ya mto Neretva na ndani ya milima; kaa dirishani. Saa za tiketi zimeandikwa kwa mtindo wa 24, basi 14:00 ni saa nane mchana. Wakati wa kiangazi wako nyuma yetu kwa saa moja, na wakati wa baridi kwa saa mbili.

Fedha yao ni marka, na thamani yake imefungwa kwenye yuro: yuro 1 ni marka 1.95583. Chukua yuro taslimu za noti ndogondogo, kwa sababu viingilio vya misikiti na sadaka za monasteri hulipwa mkononi, na shilingi yetu hakuna atakayeibadilisha. Miezi mizuri ni kuanzia Aprili hadi Juni, kisha Septemba na Oktoba. Mostar ya Julai na Agosti ina joto kavu linaloweza kupita nyuzi 40, na jiwe jeupe huurudisha mwanga machoni. Si joto la Lamu lenye upepo wa bahari. Kunywa maji kabla kiu haijaja.

Nyakati za sala ndizo huwachanganya watu wetu zaidi ya yote. Huku usiku na mchana hulingana karibu mwaka mzima, kule hapana. Mwezi wa Juni jua la Mostar huzama karibu saa mbili na nusu usiku, na isha huingia baada ya saa nne. Desemba mambo hugeuka: kati ya adhuhuri na magharibi hakupiti hata saa tano. Usipange ziara ya alasiri ya Desemba kwa kukisia. Chukua ratiba ya mwezi mlangoni mwa msikiti. Majina ya sala yatakuwa tofauti: sabah ni alfajiri, podne adhuhuri, ikindija alasiri, akšam magharibi, jacija isha.

Wao ni wa madhehebu ya Hanafi, sisi wa Shafi. Imamu hatasoma bismillahi kwa sauti, "amin" itasemwa kimyakimya, na alfajiri hakuna kunuti. Mgeni aliyezoea kunuti huinua mikono peke yake safu nzima ikiwa tayari inasujudu. Mfuate imamu. Kwa wudhu wa majira ya baridi, nunua khofu, yaani soksi za ngozi ambazo hupanguswa kwa maji bila kuvuliwa. Wenyewe huvaa zinazoitwa mestve, na ukishafungua bomba la Januari utaelewa kwa nini.

Maandishi yao yasikutishe. Č ni "ch", š ni "sh", dž ni "j", na j ni "y". Džamija basi husomwa "jamiya", neno lilelile tunalotumia tukisema Msikiti wa Jamia.

Msikiti: anza na paa

Mgeni wa kawaida huingia na kwenda moja kwa moja kwenye mihirabu. Simama kwanza katikati, uinue kichwa. Paa ndilo limeamua kila kitu kingine.

Kwetu, paa la msikiti wa kale hukaa juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 2.5 hadi 3. Ndiyo maana msikiti wetu una safu za nguzo ndani: si pambo, ni urefu wa mti. Sasa ingia Msikiti wa Karađoz-beg hapo Mostar, wa 1557, ambao ndio mkubwa kati ya misikiti ya kuba ya Herzegovina. Ndani hamna nguzo hata moja inayobeba paa. Kuba la upana wa kiasi cha mita 10 limekaa juu ya chumba cha mraba, na uzito wote unateremka kwenye kuta. Tazama pembe nne za juu, pale mraba unapogeuka duara. Hapo ndipo kazi ya fundi ilipo. Kuna namna mbili: ama pembe imejazwa kwa pembetatu ya jiwe iliyopinda kuelekea ndani, ama imerukwa kwa tao dogo lililolala upembeni. Jua msikiti uliosimama ndani yake umetumia ipi, na ukifika wa pili, linganisha.

Kisha tazama unene wa kuta kwenye madirisha. Kuba husukuma nje, si chini tu, kwa hiyo ukuta lazima uwe mzito. Madirisha ya chini ni ya mstatili yenye nondo, ya juu yana tao. Ukiona ufa unaoanzia kichwani mwa dirisha la juu kwenda kwenye kuba, ujue msukumo huo umewahi kushinda ukuta, mara nyingi kwa sababu maji yaliingia juu pale mabamba ya madini ya risasi yaliyofunika kuba yalipotoboka.

Si kila msikiti una kuba. Misikiti mingi ya mitaa ya Herzegovina ina paa la miteremko minne lililoezekwa kwa mabamba ya mawe, na dari ya mbao ndani. Usiione ya hadhi ya chini. Msikiti wa Ćejvan-ćehaja wa 1552 ni mkongwe kuliko wa Karađoz-beg, na watu huupita wakikimbilia daraja.

Mbele ya mlango utakuta daka lenye vikuba vidogo, kwa kawaida vitatu. Pande mbili za mlango sakafu imeinuliwa kama mabaraza ya nyumba zetu, zinaitwa sofe. Anayechelewa husali hapo, na ukutani kwa nje kuna vihirabu vidogo kwa ajili yake. Viatu huvuliwa kabla ya kukanyaga sofe, si mlangoni. Karađoz-beg ina daka la pili nje ya lile la kwanza, lenye paa la mteremko. Mvua ya Novemba ikikukuta huko utajua kwa nini halikuonekana la ziada.

Ndani, mimbari iko kulia mwa mihirabu, ngazi ndefu yenye kofia ya koni, ndefu sana kwa aliyezoea mimbari zetu za kale za vidato vichache. Nyuma juu ya mlango kuna roshani ya mbao iitwayo mahfil, ambako wanawake husali katika misikiti mingi. Dada akiingia aulize njia ya mahfil kabla sala haijakimiwa, maana ngazi yake huwa ndani ya unene wa ukuta na si rahisi kuiona.

Mnara nao uangalie kwa utulivu. Misikiti yetu mingi ya kale haina mnara. Ule wa Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa 1829, ni wa kipekee na ni mnene kwa umbo lake. Wa Herzegovina ni mwembamba kama penseli, na ngazi inayozunguka ndani yake ni sehemu ya muundo, kwa kuwa kila kidato kimeshika ukuta wa nje. Mawe hufungwa kwa vibanio vya chuma, kisha risasi iliyoyeyushwa humiminwa kuvizunguka. Risasi haikuwekwa kwa uzuri. Chuma kikipata maji hushika kutu, hufura na kupasua jiwe, jambo ambalo mafundi wa Lamu wanaliona kila mwaka kwenye nondo za saruji zilizochomekwa katika kuta za mawe ya matumbawe. Daraja la kale la Mostar, Stari most la 1566, lilifungwa kwa njia hiyohiyo.

Mnara wa kupanda ni ule wa Koski Mehmed-paša, msikiti wa miaka ya 1617 na 1618 ukingoni mwa Neretva. Hulipiwa. Ngazi ni nyembamba: beba mfuko mbele ya kifua, si mgongoni, na aliye juu apishwe kwanza ateremke. Mwenye kizunguzungu asijaribu, kwa sababu katikati hakuna pa kugeukia.

Makaburi ya uani

Uwanja wa msikiti unaitwa harem, na mara nyingi ni makaburi. Kila kaburi lina mawe mawili, kichwani na miguuni, yaitwayo nišan. Jiwe la mwanamume lina kilemba kilichochongwa, na umbo la kilemba hueleza cheo: mwanachuoni, askari, mtu wa tarika. Makaburi ya baadaye yana tarbushi. Jiwe la mwanamke halina kilemba. Aliyeona makaburi ya nguzo pale Malindi hatashangaa kwamba jiwe husema cheo cha aliyelala. Usiketi juu ya jiwe lolote, hata lililoanguka, na usivuke makaburi kufupisha njia.

Kusoma mwaka

Juu ya mlango kuna bamba la maandishi ya Kiarabu, mara nyingi kwa Kituruki cha Kiothmani: tarih. Anayesoma Kiarabu ana bahati hapa. Tafuta tarakimu chini au pembeni. Kupata mwaka wa Miladi kwa haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mfano, 965 mara 0.97 ni 936. Ukiongeza 622 unapata 1558, na jibu sahihi ni 1557 au 1558 kutegemea mwezi. Ikiwa hakuna tarakimu, mwaka huenda umefichwa kwenye ubeti wa mwisho kwa hesabu ya abjadi: alif 1, ba 2, hadi ghain 1000. Jumlisha herufi za ubeti huo tu. Watu hukosea kwa kujumlisha shairi zima wakapata mwaka ambao haujafika.

Kwenye monasteri maandishi ni ya Kisirili, na namba zimeandikwa kwa herufi zenye kistari juu. Mara nyingi mwaka huhesabiwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Toa 5508. Hivyo 7127 ni 1619. Kama mwezi ni kati ya Septemba na Desemba, toa 5509, kwa sababu mwaka wao ulianza Septemba.

Monasteri

Herzegovina ina monasteri za Waorthodoksi wa Kiserbia na za Wafransisko wa Kikatoliki. Humac, karibu na Ljubuški, ni ya Wafransisko. Nenda kwa ajili ya makumbusho yake na bamba la jiwe la Humac, mojawapo ya maandishi ya kale kabisa ya nchi ile. Maelezo yanayofuata yanahusu zaidi za Kiorthodoksi, kwa sababu ndizo zenye taratibu ngeni kwetu.

Mavazi kwanza. Suruali ndefu au kanzu, mabega na magoti yafunikwe. Buibui na mtandio havina tatizo lolote. Kwa wanaume kuna jambo moja: kanisani mwanamume huvua kofia. Sisi kofia ni adabu, kwao kuivua ndiyo adabu. Kama moyo wako hauko tayari, baki uani na umwambie mtawa hivyo kwa upole. Ua wenyewe una mengi. Kilicho kibaya ni kuingia nayo ukidhani hawataona.

Kanisa lina vyumba vitatu kutoka magharibi kwenda mashariki. Cha kwanza ni ukumbi wa kuingilia, cha pili ni cha waumini, cha tatu ni madhabahu, kilichozibwa kwa ukuta wa picha. Milango ya ukuta huo haivukwi na mgeni yeyote, wala usichungulie. Mishumaa ikiwashwa, sehemu ya juu ni ya walio hai na ya chini ya waliokufa. Si lazima uwashe. Picha zina mpangilio: Kristo juu kwenye kuba, Mariamu nyuma ya madhabahu, na mara nyingine mtu aliyeshika kanisa dogo mkononi kama zawadi. Huyo ndiye aliyetoa mali kulijenga, kama mwenye wakfu kwetu.

Michoro ya ukutani iangalie kama fundi chokaa. Rangi hupakwa juu ya chokaa ambayo bado mbichi. Chokaa inapokauka na kuvuta hewa hugeuka tena kuwa jiwe, na rangi hubaki ndani yake. Ndiyo sababu imedumu miaka 400. Adui yake ni unyevu unaobeba chumvi kutoka ukutani, bega la mgeni anayeegemea, na mwako wa kamera. Omba ruhusa kabla ya picha, ukikataliwa, usibishane. Zavala, kwenye ukingo wa bonde la Popovo polje, ndiyo ya kuona kwa hili. Sehemu ya kanisa imeingia ndani ya pango, na michoro yake ni ya 1619, kazi ya mtawa Georgije Mitrofanović. Pango ni baridi hata kiangazi na mwanga ni mdogo: yaache macho yazoee kwa dakika 10 kabla ya kuamua kwamba hakuna cha kuona.

Tvrdoš, kilomita chache kutoka Trebinje, ina sakafu yenye vioo, na chini yake unaona msingi wa kanisa la karne ya 4. Jengo lililokuwapo lililipuliwa 1694 katika vita vya Wavenisi na Waothmani. La sasa lilisimamishwa miaka ya 1920. Watawa hutengeneza divai na watakukaribisha. Kusema huinywi hakumkosei mtu. Omba maji au kahawa, na utaletewa.

Cha kale na kilichorudishwa

Hapa panahitaji uangalifu kuliko popote. Vita vya miaka ya 1992 hadi 1995 havikusaza upande wowote wa dini. Msikiti wa Počitelj wa miaka ya 1562 na 1563 ulilipuliwa 1993. Msikiti wa sokoni wa Stolac, wa 1519, ulibomolewa mwaka huohuo, na pia ule wa Osman-paša huko Trebinje, wa 1726. Monasteri ya Žitomislić, iliyopata idhini ya kujengwa 1566, iliharibiwa 1992, na kabla yake 1941 watawa wake waliuawa. Stari most lilianguka tarehe 9 Novemba 1993 na kufunguliwa tena 2004. Yote hayo yamejengwa upya, na usiyaite bandia. Watu waliokosa msikiti au kanisa lao kwa miaka kumi wanaelewa tofauti ya jiwe jipya na la kale kuliko wewe.

Lakini ni halali kutaka kujua. Tazama kizingiti: cha kale kimelika katikati. Tazama kingo za mawe: zilizokatwa kwa mashine ni kali na alama za patasi zinafanana, za mkono hupishana. Tazama rangi. Jiwe la Mostar linaitwa tenelija, laini linapotoka machimboni na hukaza likipigwa na hewa, kama tumbawe jipya lililokatwa baharini. Jipya ni jeupe karibu na krimu, la zamani limepata ukoko mweusi pale mvua isipofika. Ukiona kati ya mawe kuna uji wa kijivu, mgumu, uliotokeza mbele ya jiwe lililolika, hiyo ni saruji ya ukarabati usiofaa. Maji hayapiti kwenye saruji, hupita kwenye jiwe, na chumvi hulimega uso. Chokaa ingelika yenyewe na kuliacha jiwe.

Kuhusu vita, usianze wewe kuuliza. Mwenyeji akitaka kusimulia, sikiliza, na usilinganishe maumivu ya upande mmoja na wa pili mbele yake.

Njia

Weka makazi Mostar usiku 4. Siku ya kwanza mjini kwa miguu: Ćejvan-ćehaja asubuhi, Karađoz-beg kwa adhuhuri, Koski alasiri jua likiwa limeegemea. Siku ya pili Blagaj, kilomita 12, kwenye tekija, nyumba ya watu wa tarika, iliyo chini ya jabali pale chemchemi ya Buna inapotoka. Nyumba ya sasa ni ya karne ya 19; ndani mna makaburi mawili, moja likinasibishwa na walii Sari Saltuk. Fika mapema, kwa kuwa kufikia saa tano mabasi ya watalii yamejaa. Kila Mei hapo husomwa maulidi na dhikri, na mtu wa Msikiti wa Riyadha wa Lamu atasikia mengi anayoyajua kwa mahadhi asiyoyajua.

Siku ya tatu shika barabara ya kusini kando ya Neretva: Žitomislić kwanza, kisha Počitelj, zote barabara moja. Vaa viatu vya soli yenye meno. Mawe ya Počitelj yamesuguliwa na karne nyingi na huteleza hata yakiwa makavu. Usikatize kwenye magofu yaliyoachwa wala vichaka nje ya njia. Bango jekundu lenye fuvu na neno MINE lina maana ileile linayoonekana kuwa nayo: mabomu yamebaki ardhini.

Siku ya nne nenda Trebinje kupitia Stolac. Kilomita kama 3 kabla ya Stolac, kando ya barabara, liko Radimlja, lenye mawe ya makaburi 133 ya zama za kati. Nusu saa inatosha. Lala Trebinje usiku 2. Tvrdoš unaweza kwenda kwa teksi. Zavala inahitaji gari la kukodi, na upige simu monasteri siku moja kabla, kwa sababu watawa ni wachache na mlango ukifungwa hakuna wa kukufungulia.